Tuko saba, na Gaju

Kijana aliyekuwa akiandika majina alikuwa amekalia bidoni tupu la maji, daftari juu ya magoti, kalamu ameifunga kwa uzi shingoni isipotee. Ilikuwa Novemba 2022, Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, mashariki ya Kongo, na mvua ilikuwa imetunyeshea usiku kucha. Zamu yetu ilipofika aliuliza bila kuinua macho: "Muko bangapi?" Koko akajibu: "Tuko saba, na Gaju." Akaandika nane. Akaanza kuuliza umri wa kila mmoja. Alipofika kwa Gaju, koko akasema: "Miaka ine." Kwenye daftari la waliokimbia vita pakaingia mtoto wa miaka minne.

Gaju alikuwa ng'ombe. Alikuwa amesimama nyuma yetu, kamba yake mkononi mwa mjomba, rangi yake ya udongo mwekundu imefunikwa na tope mpaka kwenye mbavu. Kijana alipoelewa hakukasirika. Alipiga mstari juu ya jina, akarudia mara ya pili ili lisisomeke, akasema kwa upole kwamba orodha ni ya watu. Koko hakubishana naye. (Huku kwetu babu na bibi wote ni koko, huyu ni mama aliyemzaa mama yangu.) Lakini njia nzima ya kurudi mahali tulipokuwa tumeweka magodoro alikuwa akisema peke yake: "Amemufuta. Umeona? Amemufuta."

Tangu siku ile nimesoma taarifa nyingi kuhusu watu wetu: kaya ngapi, hema ngapi, wajawazito wangapi. Ng'ombe hawamo. Nami nimefikia kuamini kwamba asiyejua mtu alikimbia na ng'ombe wangapi, na akabakiwa na wangapi, hawezi kujua kama mtu huyo atarudi kwao.

Kibumba, kijiji cha koko na mjomba, iko karibu kilomita 25 kutoka Goma ukifuata barabara ya Rutshuru. Unaipita Kanyaruchinya, unaipita Kibati, unaendelea kupanda, baridi inaingia kwenye vidole, na upande wa kushoto Nyiragongo inakuwa karibu mpaka unahesabu mikunjo ya ubavu wake. Mbele kuna Mikeno na Karisimbi. Kulia, kwa mwendo mfupi wa miguu, ni Rwanda. Udongo wa volkano unakubali kila mbegu: kabichi, viazi, karoti, maharagi. Magunia yanayoshuka kila asubuhi kuingia masoko ya Goma, yakiwa juu ya malori, juu ya pikipiki, juu ya chukudu, zile baiskeli za mti zisizo na pedali, zinazoteremka kwa kasi huku mwenyewe amepiga goti moja kwenye ubao, mengi yametoka huko. Mimi ninaishi Majengo, mjini Goma, kando ya barabara hiyo hiyo. Ninajua hali ya Kibumba kwa kuangalia kabichi. Zikikosa kupita siku mbili, ninapiga simu.

Kitu ambacho Kibumba haina ni maji. Mvua inanyesha sana, lakini mawe ya lava yanayameza hapo hapo, na hakuna mto. Watu wanakinga maji ya paa, wanachimba visima vidogo na kuvitandika turubai, na ukame ukizidi wanatembea na bidoni mgongoni. Kwa hiyo ng'ombe wa Kibumba ni wachache na kila mmoja amefikiriwa. Hatuna yale malisho ya Masisi yanayojaa vilima vizima, yanayotoa jibini la duara ambalo kila msafiri wa Goma anabeba akienda Kinshasa. Mtu wa Kibumba ana ng'ombe mmoja, wawili, akibarikiwa watano. Mkojo na samadi vinakwenda kwenye kabichi. Maziwa yanagawanywa: ya watoto, ya chai, ya kugandisha kwenye kibuyu. Akizaliwa dume, hilo ni karo ya shule. Akizaliwa jike, hapo watu wanaanza kuongea habari za kuoa.

Nilipokuwa mdogo, likizo zangu zote zilikuwa kule. Koko aliamka kabla ya jogoo. Ng'ombe wa kwetu, hawa wa pembe ndefu, hatoi maziwa kwa sababu umemshika chuchu. Lazima ndama aletwe kwanza, anyonye kidogo, mama amnuse mgongoni, ndipo maziwa yashuke. Kazi yangu ilikuwa kumvuta ndama pembeni kwa wakati wake. Ukimvuta mapema, mama anafunga. Ukichelewa, ndama amemaliza. Koko alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho, mikono tayari, na alipotikisa kidevu nilivuta. Ninakumbuka joto la masikio ya ndama na jinsi alivyosukuma kwa shingo yake yote kurudi kwa mama. Ninakumbuka pia sauti ya maziwa ya kwanza kugonga chini ya chombo cha mti, kisha sauti ile kuzama kadiri povu linavyopanda.

Wazee wakikutana njiani walisalimiana: "Amashyo!" Yaani uwe na makundi ya ng'ombe. Mwingine anaitikia: "Amashongore!" Yaani yawe ya majike. Salamu hiyo haiulizi umelalaje. Inakutakia mali itakayozaa.

Na mali hiyo haikukaa sehemu moja. Hapa ndipo wageni wengi wanapokosa kutuelewa. Kuna desturi ya kuragiza: unampa rafiki ng'ombe wako amchunge. Yeye anakunywa maziwa, anatumia samadi, na mnapatana kuhusu watakaozaliwa. Ng'ombe anabaki wako, lakini sasa nyumba mbili zimefungwa kwa kamba moja. Mtu mwenye akili hakuweka ng'ombe wake wote boma moja. Ugonjwa ukiingia huku, kuna mmoja kule. Vita ikija huku, kuna mmoja kule. Na kwa kijiji kama chetu, "kule" mara nyingi ilikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Busasamana, kwa watu tuliooana nao na tunaoongea lugha moja.

Mpaka wenyewe ulipatanwa Brussels, mwaka 1910, kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza. Waliochora walifuata vilele na vilima, mistari ikapita kwenye malisho. Mwaka 1925 ikaja hifadhi, ile inayoitwa Virunga leo, na misitu ya juu ambako watu walikuwa wakipeleka mifugo wakati wa kiangazi ikawa marufuku. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni ikawa inahamisha familia kutoka Rwanda na kuzileta Masisi kwa makumi ya maelfu, kwa sababu mashamba ya wazungu yalihitaji mikono. Baba yake koko alikuwa miongoni mwa walioletwa Gishari, huko huko Masisi. Koko alizaliwa huko, akaolewa Kibumba, na mali yake, hivyo ndivyo tunavyoita mahari, ilikuwa majike sita. Alikuwa akiyataja kwa rangi, mmoja mmoja, hata miaka sitini baadaye.

Kabila letu sitaliandika hapa. Mwenye haraka ya kulijua anataka kujua anipange upande gani, na mimi ninaongea habari ya ng'ombe.

Ingawa hata ng'ombe, kwetu, amepewa upande. Mwaka 1993 vita ilipoanzia Ntoto, Walikale, na kuingia Masisi, watu waliuawa na ng'ombe pia waliuawa. Kaka zake koko walikuta ng'ombe wao wamekatwa miguu na kuachwa malishoni, nyama haikuchukuliwa. Mwizi anaiba ili ale au auze. Anayekata na kuacha ana ujumbe. Anamwambia mwenye ng'ombe: hapa si kwenu, ondoka. Ndugu zetu wa Minembwe, Kivu ya Kusini, wanausoma ujumbe huo huo tangu 2017, ng'ombe wao wakiporwa kwa maelfu.

Nitakuwa mwongo nikiishia hapo. Ng'ombe amekuwa pia fimbo ya wenye nguvu. Kule Masisi kuna vilima ambavyo mkulima mdogo aliamka akakuta vimewekwa waya, hati imetoka mjini kwa mkubwa fulani, na shamba lake la maharagi limegeuka malisho. Kuna makundi ya ng'ombe yanayochungwa na vijana wenye bunduki, na mama akilalamika kwamba mahindi yake yameliwa anaonyeshwa mdomo wa bunduki. Kila aliyeshika silaha katika miaka hii thelathini, wa kila upande, amejifunza kutoza kodi ya ng'ombe, kula ng'ombe, kuficha pesa zake kwenye ng'ombe. Mama yule wa mahindi akimchukia ng'ombe, mimi ninamwelewa. Ila ng'ombe wa mkubwa na ng'ombe wa koko ni vitu viwili, na vita ikifika ni yule wa koko anayekufa kwanza.

Dunia imelisikia jina la Kibumba mara chache, na kila mara ni kwa msiba. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, na karibu watu 200,000 wakawekwa Kibumba, juu ya mawe yale yale yasiyo na maji. Maji yaliletwa kwa malori. Kipindupindu kilipoingia, karibu wakimbizi 50,000 walikufa kuzunguka Goma katika mwezi wa kwanza, na makaburi hayakuchimbika kwa sababu chini ni lava. Koko alikuwa na ng'ombe kumi na nne wakati ule. Hakuwahi kusema wameliwa na nani. Alisema tu: "Njaa iliwakula." Mwaka 1996 kambi ikavunjwa kwa mizinga, na safari hii Wakongomani nao wakavuka kwenda Rwanda, wakawekwa Mudende, karibu sana na kwetu, wakashambuliwa na kuuawa huko mara mbili katika mwaka 1997. Februari 2021 balozi wa Italia, Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo waliuawa kwenye barabara yetu. Halafu 2022.

Katikati ya hizo tarehe kuna miaka. Hakuna mwandishi wa habari aliyekuja kuandika jinsi koko, baada ya 1996, alivyoanza upya na mbuzi wawili, akabadilisha mbuzi na ndama, akangoja, akapata jike. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi kufika ng'ombe watatu. Mwaka 2012 waasi wa M23 walipopita kwenda kuichukua Goma, akapoteza wawili. Juni 2014 majeshi ya nchi mbili, Kongo na Rwanda, yakarushiana risasi kwenye kilima cha Kanyesheja, kila moja likisema kilima ni chake, na watu wa pale wakalala porini tena. Gaju alizaliwa 2018. Ni mjukuu wa yule aliyebaki. Mwishoni mwa 2021 Gaju akazaa jike, na mjomba, ambaye tayari alikuwa anasikia milio upande wa Runyonyi, alimpeleka ndama yule ng'ambo kwa rafiki yake mara alipoachishwa. Koko alinung'unika. Mjomba akasema: "Mama, tusiweke yote mu kitunga moja."

Walipokimbia M23 iliporudi mwaka 2022, walitembea siku mbili njia ambayo pikipiki inaimaliza kwa dakika arobaini. Mtu anayekimbia peke yake anaweza kukata porini, kupanda lori, kulala popote. Mwenye ng'ombe anakwenda kwa mwendo wa ng'ombe. Anakwepa barabara kwa sababu ya askari, anairudia kwa sababu ya mawe. Kuna sehemu ya Kibati ambako lava ya Mei 2021 ilivuka barabara. Ilikuwa bado mbichi, nyeusi, na ncha zake ni kama chupa zilizovunjwa. Gaju alikataa kuingia. Mjomba alivua koti, mke wake akatoa kitenge, wakavichana na kumfunga kwato zote nne kama mtu anavyofunga vidonda. Ndipo akavuka. Nilipowapata Kanyaruchinya vitambaa vilikuwa bado vimening'inia kwenye mguu mmoja wa nyuma, vina damu.

Kule kambini palikuwa na majani kwa siku tatu za kwanza. Baada ya hapo kila kilichokuwa kijani kilikuwa kimeng'olewa. Vijana walianza kukata majani mbali na kuyauza kwa fungu, fungu lisiloshibisha hata mbuzi, kwa pesa ambazo zingenunua unga wa watoto. Maji yalikuwa foleni, na kwenye foleni ukionekana unamnywesha ng'ombe bidoni zima, watu wanaanza kukupigia kelele, na wana haki. Mjomba akawa anamnywesha usiku. Pembe zake zilikuwa zinanasa kwenye kamba za mahema ya jirani. Watoto walimpenda. Usiku wa baridi wale wadogo wawili walilala wamemwegemea tumbo.

Na kila asubuhi wanunuzi walikuja. Walisimama kando ya barabara na lori lao, mikono mfukoni, wanajua kwamba muda ni wao. Huku tunaiita bei ya kukimbia. Ng'ombe ambaye mwezi mmoja nyuma asingeuzwa kwa dola mia tano anatajiwa mia na hamsini, na kesho mia na ishirini, kwa kuwa kesho atakuwa amekonda zaidi na wauzaji watakuwa wengi zaidi. Mjomba alishikilia mpaka Januari. Gaju alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mjomba alimwambia mnunuzi, akidhani hilo litaongeza kitu. Yule bwana akampapasa Gaju mgongoni, kwenye uti uliokuwa umetokeza, akasema: "Mimi ninanunua nyama, muzee."

Nilikuwepo. Nilishika kamba mjomba alipokuwa anahesabu noti, kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka na alitaka ahesabu mara mbili. Dola mia na thelathini. Wakampandisha kwa ubao. Koko alikuwa ndani ya hema na hakutoka; alikuwa ameomba aambiwe likishaondoka lori. Nilipoingia kumwambia, alikuwa amekaa na kile chombo cha mti cha kukamulia mapajani, anakifuta kwa ukingo wa kitenge, ndani na nje, kama vile kuna maziwa yanakuja.

Pesa ile ilikwisha kabla ya Pasaka.

Koko alifariki mwaka 2024, kambini, kwa kifua. Tulimzika juu ya mawe, tukakusanya udongo wa kumfunika kwa ndoo.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na M23, na Februari waliokuwa kwenye makambi waliambiwa waondoke ndani ya siku chache tu. Wengi walirudi. Wakati ule nilisikia watu wakizungumza habari ya "kurudi" kana kwamba ni kufungua mlango. Mjomba alirudi Kibumba na akakuta nyumba haina mabati, shamba limekuwa msitu wa magugu, na boma la ng'ombe limeota vichaka na mimea ya kuwasha. Alipanda viazi. Vilitoka vidogo. Udongo ambao haujalishwa samadi kwa zaidi ya miaka miwili unajua kulipiza. Jirani zake watatu waliorudi pamoja naye walikaa miezi miwili, wakashuka tena Goma kubeba mizigo Birere. Walikuwa na mashamba. Walikuwa na afya. Nilipomuuliza mmoja wao kwa nini hakubaki, alinyoosha mikono miwili mbele, mitupu: "Nibaki na nini?"

Huku mjini tulikuwa tunajifunza somo kama hilo kwa njia nyingine. Benki zilifunga milango vita ilipoingia, na watu wenye pesa zao, wenye vitabu na kadi, wakawa wanazunguka kutafuta dola ishirini ya kukopa. Mwalimu mwenzangu, mtu wa mjini tangu kuzaliwa, aliniuliza siku moja, uso wake una aibu kidogo, ng'ombe anagharimu kiasi gani Masisi. Nilimweleza habari ya kuragiza kwa saa nzima, tumesimama juani. Alikuwa na maswali mazuri: na akifa mikononi mwa rafiki? Ngozi inaletwa, nikamwambia, ili ujue hakuuzwa. Na rafiki akikukana? Nilifikiri kidogo. Nikamwambia kwamba katika maisha ya koko yote, mipaka ikifungwa na kufunguliwa, majeshi yakipita, nimesikia hadithi ya rafiki mmoja tu aliyekana ng'ombe wa mwenzake, na watoto wake mpaka leo hawapati wa kuwaoa pale kijijini.

Oktoba iliyopita mjomba alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Mtu akikupigia saa hiyo huku kwetu, moyo unasimama. Nikauliza moja kwa moja: "Muko bangapi?"

Akacheka, kitu ambacho sikukisikia kwake tangu Kanyaruchinya. "Tuko sita," akasema, "na mutoto ya Gaju iko hapa." Halafu akajirekebisha: ni mjukuu. Yule ndama wa ng'ambo alikua, akazaa jike, na rafiki yake alikaa na mama kama walivyopatana, akamleta mtoto alipoacha kunyonya. Rangi ni ile ile. Njia aliyopita sitaiandika. Nilimsikia akipumua karibu na simu, pumzi nzito, yenye unyevu, na nyuma yake wale watoto wadogo, ambao sasa si wadogo, wanagombana nani atamfunga.

Mjomba alitaka vitu viwili. Chumvi kilo tano, ile ya mawe, isiwe ya unga, kwa sababu ya unga inayeyuka kwenye umande. Na kile chombo cha mti, ambacho kilibaki kwangu tulipovunja hema. Nilikishusha juu ya kabati. Kilikuwa na ufa mwembamba karibu na mdomo, basi nikakiloweka usiku mzima kwenye maji ili mti uvimbe na kujifunga. Asubuhi nikakijaza maji, nikakiinua juu ya sakafu kavu, nikangoja kuona kama kitavuja.